Sahani Zikae Katikati

Swali lenu la wiki hii ni fupi: "Jioni ukitoka na marafiki zako mjini, mnakaa wapi, mnakula nini, mnakunywa nini?" Wengi watakujibuni Forodhani, bustani ya ufukweni hapa Unguja mjini, na sitawapinga. Langu mimi ni ukumbi mmoja wa ghorofani huko Shangani, meza ya mwisho upande wa baharini. Naomba mniachie nafasi nieleze kwa nini, maana meza ile nimeitafuta miaka mingi kabla ya kuipata.

Tuko watano. Mimi nauza dawa Mlandege. Shoga yangu wa Malindi, mtaa wa hapa mjini, ni fundi wa nguo. Maalim anasomesha Kiswahili, na mpishi wetu ndiye huyo anayepika katika ukumbi ninaousema. Sisi wanne tumesoma skuli moja. Wa tano ni dada wa Iringa, aliyeletwa Unguja na kazi ya ualimu akapanga chumba nyumba ya pili na kwetu, akawa wetu. Tunakutana Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, baada ya sala ya Isha.

Mji wetu una baraza kila kona. Nendeni Jaws Corner jioni yoyote: birika la kahawa juu ya makaa, vikombe vidogo vya udongo mweupe, dhumna inapigwa mpaka meza inalia, siasa za dunia nzima zinaamuliwa pale. Kaka zangu wote wamekulia kwenye mabaraza. Mwanamke akipita pale hutoa salamu, akajibiwa kwa heshima, akaendelea na safari yake. Sisi tulikuwa na harusi, maulidi na hitima, na tulikuwa na nyumba za wenzetu. Lakini kwa mwenzio hukai. Ukifika unashika mbuzi unakuna nazi, na ukimaliza kula unaosha vyombo, na mazungumzo yenyewe yanafanyika mmeinama. Sisemi kuwa ni vibaya. Nimejifunza mengi nikiwa nimeinama hivyo. Ila kukaa tu, nimeegemea kiti, nasikiliza rafiki yangu mpaka amalize neno lake, hilo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Forodhani ndiyo iliyonifungulia mlango. Ile bustani ilipofunguliwa tena mwaka 2009, baada ya matengenezo ya taasisi ya Aga Khan, tulianza kwenda, mimi na shoga yangu, na watoto wake wakati ule wadogo. Taa zilikuwa nzuri, njia safi, familia zimejaa, hakuna aliyetushangaa. Tulikula urojo tumesimama. Urojo kwangu ndicho chakula cha mjini kuliko chote: ule uzito wa unga na manjano, ukali wa embe bichi na ndimu, ndani yake mbatata, bajia, kachori, kipande cha mshikaki, juu yake chipsi nyembamba za muhogo zinazovunjika mdomoni, chatini ya nazi na pilipili kadiri ya moyo wako. Kisha tunakwenda kwa muuza miwa. Anapitisha muwa mashinani mara tatu, mara ya tatu ameukunja pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, na povu linakaa juu ya gilasi. Hadi leo sijaona kinywaji kinachokata kiu namna ile.

Lakini Forodhani haina meza. Unakalia ukingo wa ukuta, sahani ya karatasi iko mapajani, upepo wa kaskazi unataka kuichukua, paka wanakutazama. Kila mtu ana sahani yake, na mtu mwenye sahani yake mkononi macho yake yako kwenye sahani. Na tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale lililo mbele ya bustani, ilipoanguka upande mmoja, Desemba 2020, shoga yangu hakai tena akiwa ameielekea. Hugeuka upande wa bahari. Namwelewa.

Basi mpishi wetu alipopata kazi Shangani, alituita. Kwanza nilidhani ananitania aliposema ukumbi ni mpana. Aliyekulia Mji Mkongwe anajua vyumba vyetu vilivyo: virefu kama ushoroba na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya urefu wake. Mti wa mkoko ndio uliotupimia upana wa maisha. Ukumbi ule lakini ulikuwa ghala, kuta za kati zimetolewa na dari imeshikwa na vyuma. Mtu akisimama mlangoni na mwingine dirishani, hawasikilizani mpaka wapaze sauti. Kaunta ya vinywaji iko upande mmoja, mbali, na meza ndefu ziko upande wa pili kwenye madirisha. Nitarudi kwenye umbali huo, kwa sababu ndio uliotuokoa.

Chakula cha pale ni cha Kihispania, sahani ndogo ndogo zinazoitwa tapas. Mpishi wetu amefundishwa na Mhispania aliyekuwa mkuu wa jiko, na usiku wa kwanza alitoka jikoni akatueleza. Tapa maana yake ni kifuniko. Husimuliwa kwamba huko Hispania mtu alikuwa akifunika gilasi yake kwa kipande cha mkate au nyama, inzi wasiingie, na kile cha kufunikia kikawa ndicho chakula. Shoga yangu akasema papo hapo: "Kawa!" Tukacheka kwa furaha. Kawa la ukili, lile la rangi lililofunika kila sahani ya utotoni mwetu. Mpishi akaendelea. Katika mji wa Granada, ukiagiza kinywaji unaletewa kisahani bila kulipia. Kule kwa Wabaski, kaskazini, kila tonge limechomwa kijiti, na ukimaliza kula mwenye duka anahesabu vijiti vyako, ndiyo hesabu ya malipo. Nani kati yetu hajahesabiwa vijiti vya mishikaki?

Maalim naye hakuweza kunyamaza, na hapa ndipo nilipoipenda meza ile kwelikweli. Alisema tulichonacho mbele yetu nusu yake tumekipa majina ya ndugu. Mbatata yetu ni ya Wareno, waliokaa pwani hii mpaka mwisho wa karne ya 17, na Wahispania husema patata. Meza pia ni neno la Wareno, na kwa Kihispania ni mesa. Kisha kuna yale tuliyoyatoa kwa Waarabu, nao Wahispania wakayatoa huko huko, kwa sababu Waislamu walitawala sehemu kubwa ya Hispania tangu mwaka 711, na Granada ilikuwa ya mwisho kuanguka, 1492. Sukari yetu ni azúcar yao, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye kila kisahani na kukitaja. Dada wa Iringa aliandika maneno yote kwenye simu akawapelekea wanafunzi wake asubuhi.

Tunachoagiza hakibadiliki sana. Mbatata za kukaanga zenye mchuzi wa tungule na pilipili. Mayai yaliyopikwa na mbatata, mazito kama mkate, yanakatwa vipande kama keki. Mwenye kujua chipsi mayai hatapotea njia. Kamba katika mafuta ya zeituni na vitunguu thomu vingi, wanafika bado wanachemka, na boflo la kuchovya, na mchuzi wake ndio unaogombewa. Na pweza. Huko Galicia humchemsha, wakamkata kwa mkasi, wakamnyunyizia mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu, akaletwa juu ya kisahani cha mbao. Pweza wa mpishi wetu anatoka Jambiani, ameokotwa mwambani na kina mama wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali. Nimekula pweza maisha yangu yote, wa nazi, wa supu, wa makaa, na nakiri mbele yenu kwamba yule wa mafuta ya zeituni hampiti wa nazi lakini anastahili kukaa naye meza moja. Ndimu tunaongeza wenyewe. Mpishi ameacha kukasirika.

Ndugu zangu Waislamu mnaopenda kujaribu, ulizeni. Chakula cha Kihispania kina nyama ya nguruwe mahali usipotarajia: katika katlesi zao laini mara nyingi hutiwa vipande vidogo vidogo ndani, na baadhi ya michuzi hupikwa kwa mvinyo. Msione haya kumwita mhudumu na kumuuliza sahani moja moja. Sisi mpishi wetu ametutengea: katlesi ni za kamba, nyama ni ya ng'ombe, na sufuria yetu haichanganywi.

Sasa vinywaji. Mimi huagiza ukwaju wenye barafu, shoga yangu dafu, Maalim maji na baadaye kahawa chungu isiyotiwa chochote. Dada wa Iringa ni Mkristo na hupenda gilasi moja ya mvinyo. Kaka yangu aliposikia aliniita akaniuliza: "Unakaaje meza moja na pombe, wewe?" Hakunigombeza, aliuliza kama kaka, na alikuwa na haki. Sikumjibu siku ile. Tumefundishwa tusikae kwenye meza inayozungushwa ulevi, na mimi hilo silifanyii mchezo. Lakini pia sikutaka kumwambia rafiki yangu kwamba hana nafasi kwetu. Nikakaa nalo wiki mbili, nikashindwa kulala.

Mwishowe nilimwambia yeye mwenyewe, kwa sababu rafiki hafichwi. Akanisikiliza, akasema: "Dada, ukumbi ule ni mkubwa. Mimi nitakuja mapema, nitakunywa changu pale kaunta nikiangalia jua linazama, mkifika nimeshamaliza. Mezani tutakunywa ukwaju." Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Katika chumba chembamba tungekuwa tumeshachagua: ama yeye atoke au mimi. Ghala lile limetupa hatua thelathini kati ya kaunta na meza, na ndani ya hatua hizo urafiki wetu umepona. Nilipomweleza kaka yangu alinyamaza, kisha akauliza kama kamba wa thomu wanauzwa bei gani.

Mwezi mmoja ukumbi ulifungwa kwa ukarabati, tukajaribu mahali pengine mjini, papya, pazuri kwa macho. Meza zilikuwa za watu wawili wawili, zimekazwa sakafuni. Tukagawanywa: wawili huku, wawili kule, mpishi peke yake. Kila mtu akaletewa sahani kubwa yake, imepambwa, na hata saa haijapita tukaletewa hesabu bila kuomba, kwa kuwa kuna watu wanasubiri. Chakula kilikuwa kitamu, sitadanganya. Lakini njiani kurudi niligundua sikujua shoga yangu alikuwa na habari gani mwezi ule. Kumbe mama yake alikuwa amelazwa na kutoka, na mimi nimeketi hatua tatu kutoka kwake nakula samaki.

Ndiyo maana nasema sahani zikae katikati. Sahani ikiwa katikati, lazima uinue kichwa. Unaona nani hajala leo, nani anachovya boflo mara moja na kuliacha. Maalim alipofiwa na baba yake hakusema lolote usiku mzima, ila kila sahani ilipomfikia aliisukuma mbele taratibu, na sisi tukajua tukae mpaka ukumbi ufungwe. Hakuna aliyetufukuza. Wahudumu waliendelea kufuta meza za mbali.

Gharama tunagawana sawa kwa sawa, isipokuwa mwezi ambao mmoja wetu ana ada za watoto. Mwezi huo anakula tu, na halisemwi. Katika Ramadhani hatuendi Shangani. Tunakutana Forodhani baada ya tarawehe, kwa urojo na miwa, tukiwa tumesimama kama zamani, na kaka zangu wakitupita wanatusalimia sisi.

Alhamisi ijayo mama yake shoga yangu anakuja. Ameshapona, ana zaidi ya miaka sabini, ameishi Malindi tangu azaliwe, na hajawahi kukaa jioni mbele ya bahari ya Shangani akaletewa kitu na mtu mwingine. Tumeshamwambia mpishi aweke kiti chenye mgongo na mto. Juzi nilipokwenda kumsalimia aliniuliza kama huko kuna bajia. Nikamwambia, bibi, huko kuna vya Kihispania. Akafikiri kidogo, akasema basi bajia atakuja nazo yeye, na amemtuma mjukuu akamshushie lile kawa lililo juu ya kabati.