Naambiwa nikajitangaze muflisi, madeni yafutike

*Mama, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na vitenge nauza. Nadaiwa na kampuni ya mikopo ya vikundi shilingi 744,000, marejesho ni 62,000 kila Jumanne. Kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, alinipa 500,000. Kila mwezi nampelekea riba 150,000, huu mwezi wa sita, na laki tano yake iko palepale. Kikoba 400,000. Mwenye duka la jumla aliyenipa vitenge kwa mali kauli, 650,000. Mikopo ya simu mitatu, jumla 210,000, na hao wameshamtumia meseji mchungaji wangu kwamba mimi ni tapeli. Mume wangu ni dereva wa lori, hajui lolote. Wiki nzuri napata 90,000. Jirani kaniambia niende mahakamani nijitangaze muflisi, madeni yafutwe yote. Ni kweli? Au nikimbilie kwa shangazi yangu Handeni?*

Marahaba, mwanangu. Handeni tuimalize kwanza: usiende. Ukikimbia, Jumanne ile marejesho yako watachangishana wenzako wa kikundi, maana ndivyo mlivyosaini, kila mmoja kamdhamini mwenzake. Mama muuza vitumbua unayekaa naye benchi moja ndiye atakayekulipia. Hutarudi Morogoro ukamtazama usoni.

Sasa hilo la muflisi. Jirani yako hajakudanganya, ila amesikia nusu. Sheria ya ufilisi ipo, tena ni ya tangu enzi za mkoloni, na mtu binafsi anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa hana uwezo wa kulipa. Kinachofuata ndicho jirani hakukusimulia. Mali zako zinawekwa chini ya msimamizi, kazi inayoangukia RITA, wakala uleule unaotoa vyeti vya kuzaliwa. Jina lako linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Wanaokudai wanagawana kinachopatikana, na mwenye dhamana mkononi anabaki na dhamana yake. Madeni hayafutiki siku ile. Kufunguliwa kutoka kwenye ufilisi ni ombi jingine, na mahakama inaweza kukupa masharti. Na mdhamini wako hafunguliwi pamoja nawe. Wewe ukitangazwa muflisi leo, kampuni itawageukia wale wanawake wa kikundi kesho. Kwa deni la 2,504,000 lililogawanyika kwa watu saba, gharama za wakili na usumbufu wa Mahakama Kuu vitakumaliza kabla ya deni lenyewe. Njia ile ni ya mtu mwenye madeni makubwa na mali za kugawanywa. Wewe una cherehani.

Na tukilitaja cherehani: kwenye barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, umeniandikia kwamba kausha damu amekutishia kulibeba. Kwenye karatasi mliyoandikishana, umesema, dhamana ni friji. Basi cherehani hana haki nalo. Hata mtu akishinda kesi dhidi yako, sheria ya mashauri ya madai imeweka kando vitu ambavyo dalali wa mahakama hagusi: nguo zako, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi. Friji ni habari nyingine, uliiandika mwenyewe. Lakini hata hiyo hawezi kuja na vijana wawili na guta akaichomoa ukutani huku watoto wanalia. Akija hivyo, ita mjumbe na majirani. Na akikutisha kwamba atakuweka ndani, mwambie deni ni madai, si jinai. Hukumwibia.

Nilikaa na barua yako na kalamu, nikapiga hesabu ambayo nadhani hujawahi kuipiga kwa kuogopa jibu lake. Riba ya 150,000 kwa mwezi ni kama 37,500 kwa wiki. Ongeza 62,000 za Jumanne. Ni 99,500. Wewe unapata 90,000, tena wiki nzuri. Yaani kabla hujanunua unga wala kumpa mtoto nauli, umeshapungukiwa 9,500. Ndiyo maana ukaanza kukopa kwenye simu. Wewe si mfujaji, mwanangu, nimeisoma barua mara mbili nikitafuta ufujaji sikuuona. Tatizo ni huyo mmoja. Ukimtoa yeye kwenye hesabu, wiki inakubakizia 28,000. Ni kidogo, lakini ni chako.

Kwa hiyo tuanze naye. Wakopeshaji wa daraja lake, wale wanaokopesha kwa mtaji wao bila kupokea amana za watu, wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, na kikomo cha riba walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni 17,500. Miezi sita ni 105,000. Wewe umeshampelekea 900,000! Yeye anatoza asilimia 30. Kama ana leseni, anaivunja, mlalamikie Benki Kuu. Kama hana, kukopesha kwenyewe ni kosa. Sikwambii utangaze kwamba humdai wala hakudai, hilo mtaamuliwa. Nasema usimpelekee tena hata shilingi mkono kwa mkono bila risiti, na usiende kwake peke yako. Tafuta msaidizi wa kisheria hapo Morogoro. Wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Ofisi ya kata au ustawi wa jamii watakuelekeza.

Hao wa simu, hakiki majina yao kwenye orodha ya Benki Kuu. Novemba 2024 iliyafungia majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni, na miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni hayahaya ya ukusanyaji wa madeni na siri za watu. Ile meseji ya mchungaji usiifute. Mwombe akutumie picha yake. Na tafadhali usichukue wa nne.

Mwenye duka la jumla ndiye rahisi kuliko wote. Umesema doti kumi na moja bado zimo kwenye sandarusi chini ya kitanda, ulizificha usizione. Mali kauli maana yake hiyo mali ni kauli tu mpaka iuzwe. Mrudishie. Kikoba vilevile, kawaambie kabla hawajakuuliza, uombe kupunguziwa kiwango. Najua aibu ya kusimama mbele ya wenzako. Mimi mwaka mmoja nilikuwa nazunguka mitaa miwili kumkwepa muuza mkaa niliyemkopa gunia moja. Siku nilipogongana naye sokoni aliniambia, "Dada, nilidhani unaumwa."

Limebaki la mume. Umeniambia kausha damu umemsevu kwenye simu kwa jina la Fundi Bomba, na mumeo akiuliza mbona fundi anapiga saa nne usiku unasema bomba limepasuka. Nilicheka, halafu sikucheka. Mwambie. Usimwambie kwa simu akiwa njiani Tunduma na mzigo. Mngoje afike, aoge, ale, alale. Asubuhi mwoneshe hesabu iliyoandikwa, majina na tarakimu, na umwambie umeshaanza nini. Atakasirika, ni haki yake, nawe umpe muda. Lakini asisikie kwa mchungaji.

Keshokutwa ni Jumanne. Nenda kikundini na 62,000 zako kama kawaida. Ile karatasi ya kausha damu, umesema ipo ndani ya biblia: itoe, kapige kopi mbili, moja kamwachie dada yako. Yenyewe ibebe unapokwenda kwa msaidizi wa kisheria, pamoja na meseji zote za miamala ya hizo laki tisa.