Maswali na Majibu: Kangaga la Ndani Linataka Maji Kiasi Gani?

Mvua za huku Kusini zikishakatika na kusi kuanza kuvuma, maswali ninayoletewa hubadilika. Wakati wa masika watu huniuliza kwa nini kangaga (wengine huliita fern) linaoza, na kipupwe kikiingia wanauliza kwa nini linakauka. Ua ni lilelile, dirisha ni lilelile, na mara nyingi hata kopo la kumwagilia ni lilelile, maji yaleyale kila siku iendayo kwa Mungu. Shida huanzia hapo.

Shikamoo mama. Nilinunua kangaga hapa Mtwara mjini, muuzaji akaniambia nilimwagilie kila asubuhi. Sasa majani yamekuwa ya njano, yananyauka, na udongo unanuka. Nimekosea wapi? (Mama wa nyumbani, Shangani)

Marahaba mwanangu. Muuzaji alikuambia anavyofanya yeye, na maua yake yako nje, upepo unayapiga kutwa. Sebuleni kwako udongo haukauki kwa kasi ile. Mizizi ya kangaga ni myembamba kama nyuzi, haiendi chini sana, na inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa siku zote hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunywi tena. Ndiyo maana ua lililozidiwa maji hunyauka sawasawa na lenye kiu. Mwenyewe akiliona limelegea anaongeza kopo jingine, na hapo analimaliza. Makangaga niliyoletewa yakiwa yamekufa kwa maji ni mengi kuliko yaliyokufa kwa ukame.

Lichomoe polepole uitazame mizizi. Usiogope rangi ya kahawia, mizizi ya kangaga ndivyo ilivyo hata ikiwa mizima. Ishike: mzima ni mkakamavu, uliooza unateleza na kukatika mkononi. Kata iliyooza, toa udongo unaonuka, panda upya kwenye chombo chenye matundu chini. Kama ni ndoo ya rangi iliyokatwa, itoboe matundu sita au saba.

Baada ya hapo mwachie kidole kazi. Kiingize udongoni kama sentimita mbili. Ukikuta unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, liache. Ukikuta panaanza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Ukizoea, hata kidole hutakihitaji: utakinyanyua chombo na uzito utakueleza.

Basi nipe ratiba ya mwaka mzima. (Mwalimu, Lindi mjini)

Ratiba ya siku sikupi mwalimu, kwa sababu chombo chako na dirisha lako sivijui. Nitakueleza mwaka unavyokwenda nyumbani kwangu, Mikindani, kwa kangaga lililo kwenye chombo cha plastiki cha upana wa sentimita 25.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zinanyesha, hewa ina unyevu na kangaga linatoa majani mapya kwa wingi. Linakunywa vizuri, ila udongo unachelewa kukauka. Mimi humwagilia baada ya siku tatu au nne, na mvua ikishika mfululizo nasubiri hata siku tano.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Usiku unapoa, ua linapunguza kasi ya kukua, mizizi inakunywa kidogo. Huo ndio msimu wa kupunguza, na mbolea naiweka kando kabisa. Lakini msimu huohuo kusi linakausha majani huku udongo chini bado mbichi, na watu wanadanganyika hapo. Ncha za majani zikikauka wakati kidole kinakuta unyevu, dawa ni kuliondoa dirishani, si kuongeza maji. Kwa nyumba zinazotazama bahari, upepo huo unabeba na chumvi.

Septemba mpaka mvua za kwanza ndio wakati mgumu. Oktoba watu wako mikoroshoni wanaokota korosho, jua kali, na mimi hukagua kila siku. Mara nyingi namwagilia siku moja naruka moja. Walioko Masasi na Nachingwea, mbali na unyevu wa bahari, waongeze macho zaidi mwezi huo.

Chungu cha udongo kinapitisha maji ubavuni, kwa hiyo hukauka mapema kuliko plastiki. Ukihamisha ua kutoka ndoo kwenda chungu, usidhani mazoea ya zamani yatafaa.

Natumia maji ya kisima. Juu ya udongo kumetokea ukoko mweupe na ncha za majani zimeungua. Nikiyachemsha maji yatafaa? (Kijana, Mikindani)

Hapana mwanangu, kuchemsha kunazidisha. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki palepale. Ukoko unaouona ni chumvi na chokaa, na visima vingi vya karibu na bahari vinayo. Kangaga ni miongoni mwa maua yasiyovumilia chumvi hata kidogo. La kwanza kabisa nililopanda mimi liliishia hivyo, ncha kuungua, kisha majani mazima, na nilikuwa nikilimwagilia kwa mapenzi yote. Bado linaniuma.

Kwanza kwangua ukoko wote, pamoja na udongo kidogo wa juu. Kisha lipeleke uani na ulimiminie maji baridi yasiyo na chumvi, polepole, mara mbili au tatu ya ujazo wa chombo, yapite yote yatoke chini. Maji hayo yanayeyusha chumvi na kuondoka nayo. Rudia baada ya miezi miwili ukiendelea na kisima.

Maji bora kuliko yote ni ya mvua. Kinga masika, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha jaza pipa lenye kifuniko mbu wasizaliane. Kama kuna kiyoyozi nyumbani au ofisini, yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake hayana chumvi, kinga ndoo. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha, klorini itapungua. Chumvi haitatoka kwa njia hiyo.

Jambo moja wengi hawalijui. Makumbi ya nazi yanashika unyevu vizuri sana, nami huyachanganya na mboji na mchanga kidogo. Lakini huku pwani makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike. Ukipewa hayo, yaloweke na kuyasuuza kwenye maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, la sivyo utakuwa umepandia kangaga chumvini. Mchanga nao chukua wa mtoni, usichote ufukweni.

Huku kwetu juu maji tunanunua kwa dumu. Ni haki kweli kumwagilia ua? (Dada, Newala)

Nalielewa swali lako dada, na mtu wa Uwanda wa Makonde hafundishwi thamani ya maji. Kangaga moja halihitaji dumu. Maji uliyooshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni, yanatosha, mradi uyatumie siku hiyohiyo kabla hayajachacha. Chagua chombo cha plastiki, si chungu, na utandaze makumbi yaliyokatwakatwa juu ya udongo. Na kwa baridi yenu ya Julai linaweza kukaa wiki nzima bila tone.

Kupulizia majani maji kunasaidia? (Mhudumu wa nyumba ya wageni, Lindi)

Kidogo sana. Matone yanakauka baada ya dakika chache na hewa inarudi ilivyokuwa. Kwa hewa yetu ya pwani ningekushauri ulisogeze mbali na feni na kiyoyozi. Ukipenda, liweke juu ya sinia lenye kokoto na maji, kitako cha chombo kisiguse maji.

Chini ya majani kuna vidoadoa vya kahawia vimejipanga. Nimeongeza maji, nimepuliza dawa, haviondoki. (Baba, Ligula)

Usipulize tena, ndugu yangu! Kama vimejipanga kwa mpangilio, upande wa chini tu, hivyo ndivyo vifuko vya uzazi wake. Sisi tunaliita ua kwa mazoea, lakini kangaga halitoi ua wala mbegu. Linazaana kwa vumbi laini linalotoka kwenye vidoa hivyo. Vumbi hilo likiangukia mahali penye unyevu huota kijijani kidogo, bapa, na ni lazima pawe na utando wa maji ndipo chembe ya uzazi ya kiume iogelee kulifikia yai la kike. Ndiyo sababu porini utayaona mabondeni na kando ya vijito.

Vidoa vya kuvitilia shaka ni vile vilivyotapakaa ovyo, hata kwenye vikonyo, vinavyobanduka kwa ukucha na kuacha utomvu unaonata. Hao ni wadudu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo.

Nilikwenda Dar wiki mbili, nimerudi kangaga limekauka kabisa. Nikimwagilia maji yanapita moja kwa moja. Nilitupe? (Mpangaji, Mtwara)

Usilitupe. Udongo ukikauka mno unasinyaa na kuachana na chombo, kwa hiyo maji yanateremka pembeni bila kugusa mizizi. Tia maji kwenye beseni, kina cha nusu ya chombo, ulitumbukize na kuliacha dakika 20 hadi 30, mpaka udongo wa juu ulowe. Likichuruzika, liweke kivulini. Majani yaliyokauka hayatarudi, yakate karibu na shina, lakini kile kitako cha katikati, majani yanakochipukia, usikiguse. Mwezi wa kwanza tumia kidole kwa uangalifu, maana bila majani halinywi sana. Kitako kikiwa kigumu na kibichi ndani, kwa joto letu baada ya wiki chache utaona vichwa vidogo vimejikunja kama konokono vikiinuka.