Anza na Planxty, ile ya 1973

Ndugu, kama unataka albamu moja ya muziki wa jadi wa Ireland yenye nyimbo na tuni za kucheza pamoja, chukua ya kwanza ya bendi ya Planxty, ya mwaka 1973, yenye jalada jeusi. Wamo wanne: Christy Moore, Andy Irvine, Dónal Lunny na Liam O'Flynn.

Usirukeruke. Sikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho: Moore anaimba kisa cha bibi aliyemwacha mume tajiri akafuata Wajipsi, halafu bila kusimama wanaingia "Tabhair Dom Do Lámh", tuni ya karne ya 17 ya mpiga kinubi kipofu, Ruaidhrí Dall Ó Catháin. Hapo ndipo zumari la mfuko la O'Flynn linapokukamata. Halipulizwi kwa mdomo. Hewa inatoka kwenye mivukuto midogo inayobanwa kwa kiwiko, na sauti yake ni laini kuliko lile la Waskoti. Buzuki nayo, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, ni ya Wagiriki, iliingia muziki huu miaka ya 1960 tu, ingawa ukiisikia hapa utaapa ilizaliwa Ireland.

Mimi hurudia zaidi "Sí Bheag, Sí Mhór", tuni ya mpiga kinubi O'Carolan, haina hata neno moja.