Barua Zenu: Disemba Amu Yataka Kujua Jua na Maji

Mwezi huu barua karibu zote zauliza jambo moja, likizo ya Disemba Lamu, ambako wenyewe twakuita Amu. Nimechagua nne. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, mtaa wa mji huu, na kwa miaka 19 nimekuwa nikipokea wageni katika vyumba vitatu vya juu vya nyumba aliyoniachia mama. Ninayoyasema humu mengi nimeyaona, mengine nimeyapika.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Mwaka huu mume wangu amekubali Krismasi tusiende kwao, tuje Lamu siku sita. Tuna watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 4, na tutakuja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Hatujawahi kufika huko. Nasikia hakuna magari, joto ni kali na mji ni wa Waislamu. Mama anauliza ataabudu wapi, watoto wanauliza watafanya nini siku nzima. Nimeanza kuandika ratiba, sasa imejaa kurasa mbili. — Mama Watatu, Nakuru*

Marahaba mwanangu. Hiyo ratiba ikunje uiweke kwanza. Kupanga ni kuzuri, lakini huku siku hupangwa na jua na maji, na ukiwafuata hao wawili utapumzika kweli.

Nianze na jua. Disemba upepo wa kaskazi umeshaingia, mbingu iko wazi, na mchana joto lafika nyuzi 31 au 32, tena lina unyevu wa bahari. Kuna mwaka nilikuwa na wageni, mtu na mkewe na watoto wawili, waliokuwa wakitoka kila siku saa nne asubuhi na kurudi saa tisa. Siku ya pili yule mdogo alitapika usiku kucha, kichwa chamuuma, midomo imekauka kama karatasi. Nilikesha na mamake tukimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na kulipokucha tukampeleka hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Tangu siku ile, mgeni mwenye watoto namwambia mlangoni kabla hajashusha mzigo: kuanzia saa tano hadi saa tisa na nusu, kaeni ndani.

Na ndani kwenyewe kwapendeza. Nyumba zetu za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na katikati pana kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, hewa yashuka na kuzunguka. Muda huo watoto wale embe. Disemba ndiyo msimu wake, na mtafute embe ngowe, lile refu ambalo nyama yake ni ya rangi ya chungwa na halina nyuzi za kukwama menoni. Kisha walale. Mji mzima hupunguza mwendo adhuhuri, hata maduka mengi hufunga milango.

Kwa hiyo siku yenu ianze saa kumi na mbili asubuhi. Mtumeni huyo wa miaka 12 pamoja na babake wakanunue mahamri yakiwa moto na mbaazi za nazi. Tembeeni Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kabla haujajaa watu, mfike Mkunguni penye miti ya mikungu mbele ya ngome. Ngome ile ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, na ilikuwa jela hadi 1984. Wa miaka 9 mwambie hilo la jela, utaona atakavyouliza maswali. Njiani mkisikia mtu akiita "Simile! Simile!" jibanzeni ukutani, punda anapita na mzigo wa mchanga au mawe, na vichochoro vyetu havina nafasi ya nyinyi na yeye.

Sasa maji, na hapa naomba unisome polepole. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo huja bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti yake hupita mita 3. Siku za bamvua bahari yetu hujaa alasiri kama saa kumi, na saa nne asubuhi huwa imetoka mbali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa hugeuka: hujaa asubuhi kama saa nne, jioni huwa yametoka. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Kabla hujaja, tazama mwezi utakuwa wapi wiki hiyo, nawe utajua watoto waogelee asubuhi au jioni. Yakiwa yametoka wana kazi nyingine, kaa wa kukimbizana nao na kombe za kuokota.

Ufuo mkubwa uko Shela, kilomita 3 kutoka mjini. Vijana huenda kwa miguu, ila nyinyi pandeni mashua. Mchanga wake ni kilomita 12 na hauna mti, basi chukueni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani, kofia, na leso kubwa ya kufunikia yule mdogo. Ogeleeni karibu na kijiji ambako pana watu. Maji yakiwa yatoka, mkondo wa ule mlango wa bahari baina ya Shela na kisiwa cha Manda huvuta kwa nguvu, na mtoto asipelekwe upande huo hata kama uso wa maji waonekana umetulia.

Kwa mama mkwe wako nina mambo mawili, na yote uyaulize kabla ya kulipa. La kwanza, nyumba zetu ni za ngazi, tena ngazi zenyewe ndefu na nyembamba, na vyumba vizuri vya wageni kwa kawaida viko juu. Taka chumba cha chini, katika nyumba iliyo karibu na pwani. La pili, mwambie mwenye mashua awalete maji yakiwa yamejaa. Hapo chombo huinuka karibu na usawa wa gati, na mama atavuka kwa hatua moja. Maji yakitoka, vidato vya chini vya gati huwa na ukungu wa kijani na huteleza. Nimeona wazee wakilia pale kwa woga, nami sipendi mtu aingie Amu kwa machozi.

Kuhusu ibada aondoe shaka. Kanisa Katoliki lipo mjini, na ya madhehebu mengine pia yapo. Kelele za Krismasi kama za mjini Nairobi hamtazisikia, mtasikia adhana mara tano. Jirani zangu Wakristo siku hiyo hupika pilau wakaniletea sahani, nami Idi ikifika huwapelekea yao. Msishangae mkiletewa nyinyi. Na sahani msirudishe tupu, hata ikiwa ni embe mbili.

*Bi Mkubwa, nataka kuwaleta wenzangu wanne Mwaka Mpya. Basi au ndege? — Kijana wa Kisauni, Mombasa*

Ndege hutua Manda, mwavuka kwa mashua kidogo tu na mmefika. Lakini vijana watano wenye siku za kutosha, mimi ningewapandisha basi la alfajiri. Mtapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo mtapanda mashua. Barabara ile kutoka Garsen ambayo zamani ilikuwa tope la kumeza magurudumu sasa ina lami. Safirini mchana, na vitambulisho muwe navyo mfukoni kwa sababu ya vizuizi vya njiani. Mashuani kila mmoja avae jaketi la kuokolea, na chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi mshuke msubiri kingine. Kuna watu wa mji huu ambao bahari iliwachukua kwa haraka ya dakika kumi.

Mara nyingi mwanzoni mwa mwaka huwa na mashindano ya mashua Shela. Simameni ufukweni, msikae kupiga picha za simu tu. Tazameni mabaharia wanavyojitupa upande wa joshini, utokako upepo, tanga likijaa, na sikilizeni wazee walioko nyuma yenu wakibishana nani amekosea kugeuza. Wale wajua.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Thika. Tunakuja wasichana watatu. Tuvae nini? Sitaki kumuudhi mtu, lakini pia nataka kuogelea. — Tatu Bora*

Nimefurahi umeuliza kabla ya kupakia begi. Ufukweni Shela, mbali kidogo na kijiji, ogeleeni na nguo zenu za kuogelea, hakuna atakayewasimamisha. Ila mkianza kurudi kuelekea nyumba za watu, jifungeni leso, moja kiunoni na moja mabegani. Mjini vaeni kinachofunika mabega na magoti. Haya si kwa ajili ya polisi wala adhabu. Mlango ninaoketi mimi jioni ndio mnaopita nyinyi, na mimi ni mama wa mtu, nimeketi na wajukuu. Leso nunueni hapa hapa, na kabla hamjalipa mwambieni mwenye duka awasomee jina lililoandikwa chini. Msije mkampelekea mama zawadi yenye maneno ya kumpiga mafumbo.

Pwani ya mbali msiende peke yenu, na jua likishuka rudini penye watu. Mkitaka kwenda Takwa, ule mji wa magofu ulioko Manda, nahodha ndiye wa kuwatajia saa, kwa sababu kile kijito cha mikoko hupitika maji yakiwa yamejaa, na mkizubaa huko ndani mtakaa matopeni hadi yarudi.

*Bi Mkubwa, wewe huandikia wageni kila Disemba. Leo niandikie mimi. Ndugu wa mume wangu huja kutoka Nairobi na wengine kutoka Ghuba, mwaka jana walikuwa 14 kwa siku 11. Nawapenda. Lakini naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, nikimaliza chai naanza kukuna nazi ya mchana, nikimaliza mchana waulizia viazi vya karai vya jioni. Wao huenda Shela kila siku. Mimi mara ya mwisho kukanyaga mchanga wa Shela sikumbuki. Nikisema, nitaitwa mwenye roho mbaya. — Wa Langoni*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeiweka mwisho ili nipate kukaa nayo.

Huna roho mbaya. Nami nasema haya nikijua, kwa kuwa mama yangu alikuwa wewe. Disemba nyumba yetu ilijaa, sisi watoto tukirudi kutoka baharini na chumvi kwenye nyusi, naye tukimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Hatukuwahi kumuuliza kama yeye ataka kwenda. Amekufa na mimi sijawahi kumwona akiogelea, na alizaliwa hatua mia mbili kutoka majini. Nikiandika habari za likizo, huyo ndiye ninayemfikiria.

Basi fanya hivi. Mahamri ya asubuhi acha kupika. Mtaani kwako kuna wanawake wanaoyauza na ndiyo riziki yao, agiza jana yake, na atakayelipa ni shemeji mkubwa aliyetoka Ghuba. Mwambie kiasi, usimwachie akisie. Kwa usiku agiza mikate ya mofa kwa wanaooka. Ni unga wa mtama, hubandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo, na hakuna jiko la gesi litakaloitoa vile. Watu wa kutoka mbali huiota mikate hiyo mwaka mzima kuliko biriani yako, niwie radhi. Iweke na samaki wa kupaka mmoja mkubwa, achari ya embe na maji ya ukwaju, basi. Mlo mmoja mzito kwa siku watosha katika joto hili, na huo uwe wa usiku.

Nazi wakune vijana, hata wa kiume. Mbuzi haiulizi jinsia ya anayeikalia. Wa kwangu wa miaka 14 alikuna vibaya siku mbili, ya tatu akakuna vizuri, sasa ajisifu kwa wenzake.

Na mumeo aambiwe na wewe mwenyewe, kabla wageni hawajafika, faraghani, bila hasira: "Mwaka huu nataka alasiri mbili za Shela." Mtajie idadi. Mwanamume akiambiwa "nachoka" atasema pole, akiambiwa "mbili" itabidi azitafute. Akikataa, niandikie tena, na safari hii uweke na jina lake, sitalichapisha, nitakwenda kuketi na mamake.

Mimi pia sijaenda Shela tangu Ramadhani. Mwezi ukiandama, hesabu siku mbili, alasiri hiyo maji yatajaa kiasi cha saa kumi na moja. Nitakuwa gatini saa tisa na nusu na birika la tangawizi. Wewe njoo na leso mbili, na usibebe chakula.