Uliza Mwalimu: Bengaluru haikuota kama uyoga

Katika toleo lililopita nilimjibu kijana aliyetaka kujua akasomee wapi uhandisi. Nikadokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba mji wa Bengaluru nchini India ulijengwa na wafalme wa Mysore, ufalme wa kusini mwa India uliokuwa na mji huo ndani yake, kabla haujajengwa na kampuni za kompyuta. Mstari huo umeleta barua nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua tatu.

*Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu chuoni, nasomea programu za kompyuta. Sisi tumefundishwa kwamba Bengaluru ilianza 1985, Texas Instruments ilipofungua ofisi pale. Wewe unasema wafalme. Mfalme na kompyuta wapi na wapi?*
*Mwanafunzi, Ngara*

Marahaba, mwanangu. Huo mwaka wa 1985 ni wa kweli, na mimi nilikuwa nasoma Bengaluru miaka hiyohiyo ya themanini, enzi mji ukiitwa Bangalore. Lakini jiulize kwa nini kampuni ya Marekani iliyotaka wasanifu wa saketi iliziacha Mumbai, Delhi na Kolkata, miji mikubwa zaidi, ikaenda pale. Ilifuata wahandisi. Chuo nilichosomea kiko mahali wanapopaita K.R. Circle. K.R. ni Krishnaraja, mfalme. Chuo kilifunguliwa 1917, kwa hiyo Wamarekani walipofika kilikuwa kimeshatoa wahandisi kwa zaidi ya miaka sitini.

Nianze na stima, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Ukoo wa Wodeyar ulirudishiwa utawala wa Mysore na Waingereza mwaka 1881. Mfalme Chamarajendra akafariki ghafla mwishoni mwa 1894, akiacha mwana wa miaka 10. Mjane wake, Malkia Kempananjammanni, akashika utawala kwa niaba ya mtoto hadi 1902. Mama huyu hutajwa haraka haraka vitabuni, nami sipendi. Ni katika miaka yake ambapo mji ulipigwa na tauni, mwaka 1898, na baada ya tauni ikapimwa mitaa mipya ya Malleshwaram na Basavanagudi yenye barabara pana na vichochoro vya usafi nyuma ya nyumba. Ni katika miaka yake pia ambapo dewani, yaani waziri mkuu wa ufalme, Sheshadri Iyer, alitaka maporomoko ya mto Kaveri pale Shivanasamudra yatoe umeme.

Fikiria hesabu yenyewe. Mteja alikuwa migodi ya dhahabu ya Kolar, umbali wa karibu kilomita 147. Wakati huo laini ndefu namna hiyo ilikuwa miongoni mwa ndefu zaidi duniani. Mitambo ya umeme ilitoka General Electric ya Marekani. Ukipeleka umeme mbali, sehemu hupotea njiani, na dawa yake ni kupandisha volteji. Wakati huo mafundi wa kuimudu volteji kubwa kwa masafa yale walikuwa wachache popote. Malkia na waziri wake walikubali kutia fedha ya ufalme humo kwa sababu mgodi ungelipa ankara kila mwezi, na malipo hayo yangeleta stima mijini. Sheshadri Iyer alifariki 1901. Umeme uliwaka 1902. Mwaka 1905 taa za umeme zikawashwa katika barabara za Bangalore, mapema kuliko miji mingi ya Asia.

Hapo ndipo ninapomwambia kila mwanafunzi wangu asome mradi ule kama anavyosoma saketi: mteja wa uhakika kwanza, halafu mwananchi anafuata kwenye laini ileile.

Jambo la pili ni ardhi. Tajiri wa Mumbai, Jamsetji Tata, alitaka kuanzisha chuo cha utafiti wa sayansi. Mwanakemia William Ramsay alitumwa kutafuta mahali panapofaa, akapendekeza Bangalore. Ufalme ukatoa eka 371 na fedha za kuendeshea. Tata alifariki 1904. Chuo kikaanzishwa 1909 na kupokea wanafunzi 1911. Leo kinaitwa Indian Institute of Science, lakini enzi zetu ukimwambia dereva wa bajaji jina hilo alikukodolea macho. Ulisema "Tata Institute", naye akawasha injini. Wanafizikia Homi Bhabha na Vikram Sarabhai walifanya kazi pale, na mwenzao C. V. Raman alikiongoza chuo kuanzia 1933. Nyuklia ya India, kazi ya Bhabha, na safari zake za anga za juu, kazi ya Sarabhai, zina mizizi katika zile eka 371.

Yule mtoto wa Chamarajendra alipokua akawa mfalme Krishnaraja Wodeyar wa Nne. Alitawala hadi kifo chake mwaka 1940. Mwaka 1912 alimteua mhandisi, M. Visvesvaraya, kuwa dewani. Kwa miaka sita mhandisi huyo hakupumzika: benki ya Mysore 1913, Chuo Kikuu cha Mysore 1916, chuo chetu cha uhandisi 1917, bwawa kubwa la Krishna Raja Sagara, kiwanda cha chuma cha Bhadravati. Vita vya kwanza vya dunia vilipofunga njia ya kuuza magogo ya msandali Ulaya, ufalme ukaanza kukamua mafuta ya msandali wenyewe, kisha ukatengeneza sabuni. Sabuni ile bado inauzwa. Siku ya kuzaliwa ya Visvesvaraya, tarehe 15 Septemba, India nzima huadhimisha Siku ya Wahandisi.

Mwisho ni ndege. Desemba 1940, mfanyabiashara Walchand Hirachand alianzisha kiwanda cha ndege Bangalore. Serikali ya Mysore chini ya dewani Mirza Ismail ilitoa ardhi na kuwekeza rupia laki 25. Kwa sababu ya kiwanda hicho, Tata Institute ikafungua idara ya uhandisi wa ndege 1942. Baada ya uhuru serikali kuu ikaongeza viwanda vyake hapohapo: simu 1948, mashine za karakana 1953, elektroniki za ulinzi 1954. Satish Dhawan, mwalimu wa idara ile ya ndege, akawa mkuu wa shirika la anga za juu la India 1972. Jimbo la Karnataka, mrithi wa ufalme, likatenga eka za Electronics City, mtaa wa viwanda vya elektroniki, mwishoni mwa miaka ya sabini. Infosys, kampuni ya programu za kompyuta, ikahamia mjini 1983. Ndipo, mwanangu, unapofika 1985.

*Mwalimu, salamu. Nimesoma ulivyowasifu hao wafalme, nikakereka. Hao waliwekwa na Waingereza baada ya kuuawa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyepigana nao kikweli. Sisi Wakenya tunajua machifu wa kuwekwa. Halafu, nchi isiyo na mfalme itajifunza nini hapo?*
*Mzee wa Eastleigh*

Ndugu yangu, una haki ya kukereka, na historia yako iko sawa. Tipu alikufa Srirangapatna tarehe 4 Mei 1799, na Waingereza wakamweka kitini mtoto wa miaka 5 wa ukoo wa Wodeyar. Mwaka 1831 wakamnyang'anya mamlaka, wakatawala wenyewe nusu karne. Hata baada ya 1881 Mysore ilitoa malipo makubwa kila mwaka kwa serikali ya Kiingereza, na Mwingereza mwakilishi alikuwa anaangalia kila kitu. Baraza la Wawakilishi lililoanzishwa mwaka huo lilikuwa la kwanza la aina yake katika falme za India, lakini lilishauri tu, halikuamua. Na mwaka 1938, pale Vidurashwatha, polisi wa ufalme waliwapiga risasi watu waliokusanyika kupandisha bendera ya Congress, chama kilichopigania uhuru wa India. Walikufa watu. Siwezi kuwasifu wafalme na kuliruka hilo.

Ninachosifu ni jinsi walivyotumia nafasi finyu waliyokuwa nayo. Baadhi ya wafalme wengine wa India waliokuwa chini ya Waingereza vilevile walibakisha majumba tu. Mysore wana jumba pia, tena la fahari. Lakini walipitisha sheria ya 1894 ya kuzuia ndoa za wasichana wadogo, na wakaendesha shule ya wasichana kwa jina la Malkia tangu 1881. Darasani mwetu tulikuwa wasichana wachache, na wenzangu wa Mysore walikuwa na bibi zao waliosoma. Mimi bibi yangu hakupata nafasi hiyo. Tofauti hiyo niliiona kila siku.

Kuna jingine ambalo kwangu ni zito kuliko bwawa. Ajira za serikali zilikuwa mikononi mwa Wabrahmini, tabaka la juu la Wahindu. Mwaka 1918 Krishnaraja aliunda kamati ya Jaji Leslie Miller kutafuta namna ya kuwapa watu wa jamii nyingine nafasi. Visvesvaraya, mhandisi nimpendaye, hakukubaliana na mpango huo, akaacha kazi mwaka huohuo. Mfalme akampoteza waziri bora kuliko wote na bado akaendelea na kamati. Kwa hili nasimama na mfalme. Nchi haiwezi kuzalisha mafundi wa kutosha kutoka jamii moja.

Na la nchi isiyo na mfalme: aliyetia sahihi alikuwa mfalme, lakini kazi ilifanywa na hazina, idara ya maji na vyuo. Hivyo tunavyo. Hata chuo kikuu chetu cha Nairobi kina mkono wa raia: Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za Gandhi Memorial Academy, ambayo iliunganishwa na Royal Technical College iliyofunguliwa 1956, chimbuko la chuo hicho. Konza, mji wetu wa teknolojia, ulizinduliwa Januari 2013 ukiwa na eka 5,000. Ukiniuliza pesa ya ziada iende wapi, nitasema vyuo vya ufundi vya kaunti na karakana zake, vijana mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wapate mashine za kukereza chuma kwa vipimo vya kweli. Majengo ya vioo yanaweza kungoja.

*Mwalimu, binti yangu ameenda kusoma Bengaluru. Wapi aende wikendi zaidi ya maduka makubwa?*
*Mama wa South B*

Hongera, mama. Aanze na jumba la makumbusho ya viwanda na teknolojia lenye jina la Visvesvaraya, karibu na Cubbon Park. Kisha Jumapili moja apande treni ya asubuhi kwenda Mysore, jina lake siku hizi Mysuru. Jumba la kifalme huwashwa taa jioni ya Jumapili, karibu balbu laki moja. Maporomoko ya Shivanasamudra ayaone baada ya mvua kubwa, Agosti au Septemba, maji yakiwa mengi. Asiende peke yake na asikaribie ukingo, miamba inateleza. Akifika, atafute kituo cha umeme cha 1902, kiko bondeni.