Kugawa ankara moja katika akaunti kadhaa za matumizi

Ndugu, umeuliza namna ya kuingiza kwenye programu ya uhasibu ankara moja ya shilingi 590,000 yenye karatasi, matengenezo ya printa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18. Nakusihi usiigawe iwe ankara tatu, kwani deni la msambazaji litakusumbua siku ya kulinganisha hesabu zako na taarifa yake. Fungua ankara moja, kisha ongeza mistari: vifaa vya ofisi 320,000, matengenezo 180,000 na, ikiwa umesajiliwa kwa VAT, 90,000 kwenye akaunti ya VAT ya manunuzi. Jumla ilingane na ankara uliyoishika mkononi. Kama kuna karatasi zilizokwenda kutumika nyumbani, pamoja na VAT yake, ziweke kwenye matumizi binafsi ya mmiliki.