Ukuta wa sikukuu na harusi ya Wete

SWALI

Shikamoo mama. Nakaa Malindi, Unguja, kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa mume wangu na babu yake. Tuna miaka tisa ya ndoa na watoto watatu. Kila likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, mume wangu huleta fundi wakapiga lipu ya saruji ukuta wa ukumbini na kuupaka rangi ya mafuta, ili wageni wa Idd wakute nyumba inang'ara. Masika yakishapita, lipu imevimba, rangi imebambuka, ukuta unatoa majimaji mpaka kimo cha kiuno. Mwakani tunaanza upya.

Mwaka huu ametenga laki nne. Na mimi mdogo wangu wa mwisho anaolewa Wete, Pemba, wiki mbili baada ya Idd, na kwetu sijakwenda tangu nilipojifungua huyu wa tatu. Nilipomwambia pesa hizo tupandie boti sote watano, alinijibu, "Na watu wakija sikukuu waone nini?" Mama yake akadakia kuwa mwanamke husitiri nyumba ya mumewe. Nikanyamaza. Lakini sare ya harusi nimeshaichangia, elfu sitini, na yeye hajui. Nifanyeje?

Mke wa mtu, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na ukuta, kwa sababu harusi itakwisha kwa siku tatu na ukuta huo umeshakula miaka tisa.

Mimi niliolewa Kiponda mwaka 1984, nyumba ya mawe kama yenu, na mume wangu naye alikuwa na maradhi hayo hayo ya saruji. Mwaka wa tatu au wa nne, usiku wa kuamkia Idd, niko uani natoa vileja motoni, nikasikia kishindo ukumbini. Lipu ilibanduka kipande kizima, upana wa sinia la watu sita, ikaangukia meza niliyokwisha kuitandika. Nilipoleta taa niliona jiwe lenyewe linatoka jasho, na juu yake unga mweupe umeganda kama mtu kaumwaga. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akapitisha kidole, akakilamba. "Chumvi," akasema, akarudi kulala.

Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta wake hunywa maji, ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa polepole kwa hewa. Lipu ya chokaa huyaacha yapite. Saruji huyazuia, na ukiipaka rangi ya mafuta juu yake ni sawa na kuufunga ukuta kwa nailoni. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, na chumvi yanapanda nayo. Chumvi hiyo ikikauka nyuma ya lipu huvimba, ikaisukuma mpaka ikatoka. Ndiyo maana yenu yamefika kiunoni. Mkipiga saruji mpaka kifuani, yatakufuateni kifuani.

Hilo la rangi kubambuka si la kukukosesha usingizi. La kuliangalia ni boriti. Boriti za dari ni miti ya mikoko, vichwa vyake vimeingia ndani ya ukuta, na ukuta ukikaa maji mwaka hadi mwaka vichwa hivyo huoza bila ya mtu kujua. Mumeo achukue bisibisi, apande ngazi, adunge kila boriti pale inapoingilia ukutani. Ikigonga, alhamdulillahi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, basi laki nne hiyo ni ya boriti, si ya rangi wala si ya boti, na mimi nitakuwa upande wake.

Boriti zikiwa nzima, sikiliza. Miaka hii Idd ndogo inatuangukia mwezi wa Machi, mlangoni mwa masika. Hakuna wakati mbaya wa kupiga lipu kuliko huo. La kufanya sasa ni kupanda juu, kuzibua mlizamu wa maji ya mvua, kutazama bati lililotoboka na ufa wa ukuta wa nje, maana si maji yote yanatoka chini. Kisha mbandue saruji yote, mpaka mlione jiwe, na mpite juu ya alama ya maji kiasi cha dhiraa moja. Chumvi isugueni kwa brashi kavu, muizoe, muitupe nje. Msiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani. Baada ya hapo uacheni ukuta uchi masika yote.

Chokaa ni kazi ya kipupwe, kuanzia Juni, mvua zimekwisha na jua si kali. Hupigwa tabaka nyembamba nyembamba, na kila moja hungojewa ishike, huku ikinyunyiziwa maji kidogo isije ikapasuka. Mwisho niru, ile lipu laini ya kumalizia, kisha chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta iacheni kwa milango. Na atakuja fundi, naapa atakuja, akuambieni, "Natia saruji kidogo tu, ipate kushika." Mshukuruni, mpeni chai, mtafuteni mwengine. Wapo waashi wazee wa chokaa, ulizeni barazani. Na kwa kuwa Malindi ni Mji Mkongwe, kabla hamjagusa ukuta pitieni kwanza Mamlaka ya Hifadhi mpate kibali.

Hesabu umeiona? Ramadhani hii hakuna lipu ya kupigwa. Kuna kibarua wa siku mbili wa kubandua, brashi na bati moja. Inayobaki igaweni: ya chokaa ifungwe mpaka Juni, na nyengine ikupelekeni Wete. Huenda isitoshe watu watano kwenda na kurudi, sitaki kukudanganya. Basi tangulia wewe na huyo mdogo, na mumeo aje na wakubwa siku ya nikaha, au abaki na mmoja. Dada wa bi harusi hufika mapema, wewe unajua kazi za siku hizo, singo ya kumsugua bi harusi na hina na wageni wa kulala chini. Tiketi kateni kabla ya Idd, kwa sababu wiki zile Wapemba wote wako njiani, wanaokwenda na wanaorudi. Bandari mnayo hapo hapo Malindi, hata teksi hamhitaji. Mkishuka Mkoani, mnapanda gari mpaka Chake, halafu Wete. Bahari ya wakati huo, kaskazi inamalizika na kusi bado haijashika, haina ugomvi sana, lakini mtoto usimlishe maandazi kabla ya kuupita mkondo wa Nungwi.

Sasa mumeo. Usimwambie wakati wa kufuturu wala mbele ya mama yake. Ngoja arudi tarawehe, ametulia, ndipo umwonyeshe ukuta, si umhubirie. Mbandueni kipande kimoja pamoja, alilambe jiwe mwenyewe. Miaka tisa anaitia pesa nyumba ya babu yake kwa mapenzi, na mtu wa namna hiyo ukimwambia "nilikuambia" atakwenda kununua mifuko mengine sita ya saruji kukukomoa.

Mama yake muulize, tena kwa adabu, "Zamani ukuta huu mlikuwa mkiupaka nini?" Yeye kaijua nyumba hiyo kabla yako. Nina hakika atasema chokaa, na akishasema yeye, mumeo hana tena wa kubishana naye.

Na wageni wa Idd? Mwaka ule mimi nilitundika mkeka wa ukili wa rangi juu ya ukuta mtupu, mkubwa, kutoka kwenye dirisha mpaka kwenye mlango. Unasitiri na hewa inapita. Wageni wawili waliniuliza nimeununua wapi. Watoto wanaokuja kudai sikukuu yao hata ukumbini hawaingii, wanataka shilingi zao wakimbilie Mnazi Mmoja.

Zile elfu sitini mwambie leo, kabla ya habari ya ukuta. Ukichelewa atakuona umeshaivaa hiyo sare.

SWALI

Nafanya kazi hoteli ya Kiwengwa, napumzika siku moja kwa wiki. Mke wangu kwao Makunduchi, na kila mwaka ananidai nimpeleke na watoto kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Mimi siku yangu moja nataka kulala. Nimekosa?

Baba wa watatu, Fuoni

JIBU

Kulala hujakosa. Umekosa kudaiwa kila mwaka na kila mwaka ukajifanya ni habari mpya. Mwaka Kogwa ni Julai, na Julai hoteli zimejaa, kwa hiyo kabadilishane zamu na mwenzio sasa hivi, usingoje wiki yenyewe.

Watoto watapenda wanaume wanavyopigana kwa migomba, na watapenda zaidi kibanda cha makuti kinapotiwa moto. Washikeni mikono, watu ni wengi na vumbi halionyeshi mtu. Msisimame upande unaoelekea moshi. Nyimbo za kina mama nyengine zina maneno yake. Mkeo atajua lini awazibe masikio, wewe jifanye husikii. Chukueni nguo za kubadilisha.

Asubuhi msile sana. Makunduchi siku hiyo kila nyumba inataka mgeni, na hamtaachiwa mpite mlango wa mtu bila ya kuitwa kwenye sinia. Lakini anzeni kwa mkweo, na usiingie mikono mitupu. Mchele kilo tano na sukari vinatosha. Ukishakula, omba mkeka uani, ulale.